Mashine ya Loren

Loren Haverkamp hakuwa mtu wa kubakiza chakula, kwa hiyo alipoweka uma chini huku nusu ya nyama ingali sahanini, mkewe alijua lipo neno.

“Wameunda kamati,” alisema. “Bodi imechoka kungoja. Ama tujenge mfumo mpya wa kompyuta kwa mikono yetu, ama tununue ulio tayari kutoka kwa wale watu wa Atlanta. Mwezi ujao wanapiga kura.”

“Wanaopiga ni kina nani?” aliuliza Geneva, mama yake Loren. Bibi huyo alihamia chumba cha chini cha nyumba yao tangu avunjike nyonga, na tangu siku hiyo hakuna jambo lililopita mezani bila yeye kulionja.

“Brent mwenyewe, na Ruth wa mauzo. Hao wanataka kununua. Dale wa uhasibu na mzee Olmstead wa bodi wanataka tujenge.” Loren akamgeukia mkewe, uso umemnawiri. “Na wa tano ni Denise. Wamesema watu wa madai lazima wawe na sauti.”

“Basi kura moja unayo kitandani mwako,” alisema Geneva, akacheka mpaka akakohoa. “Hata wanasiasa hawana bahati hiyo.”

Loren naye akacheka. Denise akacheka pia, kwa kuwa kunyamaza kungekuwa jibu.

Wote wawili walikuwa wafanyakazi wa Amber Fork, kampuni ya bima ya wakulima hapo Des Moines, jimboni Iowa. Loren ndiye aliyeandika programu zote zilizoendesha kampuni, tangu ujana wake. Kila ghala, kila trekta na kila ng’ombe aliyekatiwa bima alipita humo, na wafanyakazi hawakuwa na jina jingine la mfumo huo ila “mashine ya Loren”. Denise alisimamia idara ya madai, waliko watu wanaopokea simu za wenye mapaa yaliyong’olewa na upepo. Kwa maneno mengine, mume alijenga na mke akatumia, na kwa miaka mingi walikuwa wakirudi nyumbani kwa gari moja.

“Sasa Loren,” Denise alijaribu, “huo mpya utakaoujenga, orodha ya mali utaibadilisha? Mwenzio nimekwambia mara ngapi...”

“Jaza ombi, Denise.” Alisema kwa upole, kama alivyosema siku zote. “Nikikuachia uruke foleni kwa sababu ni mke wangu, wenzako watasemaje?”

Akainua uma, akamalizia nyama yake.

Siku chache kabla ya kikao, Brent Aldinger, mkurugenzi mkuu, alimwita Denise ofisini kwake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alimkaribisha kiti, akamtilia kahawa mwenyewe, akaenda kufunga mlango.

“Sikuombi kura,” alisema. “Nakuomba ukweli tu. Watu wako wanateseka au hawateseki?”

“Wanateseka,” alisema Denise.

“Na Loren akipewa kujenga, atachukua muda gani?”

“Yeye anasema miaka mitatu.”

“Wewe unayelala naye unasemaje?”

Denise alikitazama kikombe. Alimjua mumewe. Choo cha chini alikianza mwaka ambao mama yake alivunjika nyonga, na mpaka leo bibi wa watu alipanda ngazi kwa mkongojo kwenda kukojoa. “Sita,” alisema. “Labda saba.”

Brent akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. “Basi nikueleze kinachokunyima usingizi. Unaogopa tukinunua, Loren atakuwa hana kazi. Hapana. Mfumo mpya unahitaji mlezi, mtu anayeijua kampuni hii hadi mvunguni. Nani mwingine? Atakuwa mlezi wake mpaka astaafu. Nakupa neno langu.”

“Waweza kuniandikia?”

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Brent akaegemea nyuma, akamtazama kama mtu aliyemfumania mgeni wake akihesabu vijiko.

“Denise. Mke wangu alipofiwa, wewe ndiye uliyetuletea chakula mlangoni. Leo tuandikishane kama wezi?”

Alitoka mle uso unamwaka kwa aibu, na aibu hiyo ilimkaa kuliko ile ahadi.

Siku ya kikao theluji ilikuwa imegeuka tope. Mjumbe wa Atlanta, dada mmoja anayeitwa Kendra, alizungumza kwanza. Alionyesha picha zake kwa haraka, akajibu maswali, akaketi. Kisha akasimama Loren. Alikuwa amevaa tai ambayo mama yake alimfunga asubuhi, na nyuma yake ukutani palikuwa na picha moja tu, ya nyumba.

“Mfumo wa kununua ni nyumba ya kupanga,” alisema. “Kodi haiishi. Kila mwaka inapanda, na huwezi kupigilia hata msumari bila idhini ya mwenye nyumba. Siku akiamua kuibomoa, unatolewa na vyombo vyako. Mkijenga, mvua ikivuja, fundi ni wenu na ngazi ni yenu.”

Dale wa uhasibu alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mzee Olmstead, mkulima wa soya aliyekuwa mjumbe wa bodi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alipiga meza kwa kiganja. “Hayo ni maneno. Mtu ajenge ghala lake.” Halafu akamgeukia Denise. “Bi. Haverkamp, wewe ndiye unayeitumia hiyo mashine kutwa. Tuambie. Inafanya kazi?”

Loren akamtabasamia mkewe, akampa ishara ya mkono ya kumkaribisha asimame.

“Inafanya kazi,” alisema Denise. Angeweza kuishia hapo. “Ila haijui paneli za umeme wa jua.”

“Haijui vipi?”

“Kwenye orodha yake ya mali hazimo. Ilipoandikwa orodha, hakuna mkulima aliyekuwa nazo. Kwa hiyo upepo ukivunja paneli, ili tumlipe mtu, tunaandika piano.”

Dale akaacha kuitikia kwa kichwa.

“Piano,” alisema Olmstead.

“Ndicho kitu pekee chenye thamani ya karibu na hiyo ambacho mashine haikiulizi kina magurudumu mangapi.”

“Na mwaka jana kampuni yangu imelipa piano ngapi?”

“Mia nne na ushee.”

Ruth wa mauzo ndiye aliyeanza. “Iowa nzima ni wapiga piano! Mahindi tunalima saa ngapi?” Kicheko kikashika meza yote. Olmstead alifuta machozi kwa leso. Kendra wa Atlanta alijiziba mdomo kwa adabu, lakini mabega yalimtikisika. Loren alikuwa bado amesimama, kidole chake kiko juu ya mlango wa ile nyumba ya pichani, na lile tabasamu la kumkaribisha mkewe lilikuwa halijapata pa kwenda.

Denise alitaka wanyamaze. Alidhani akisema la uchungu watanyamaza, na kwa hiyo akalisema.

“Oleta Brandsgard hakucheka,” alisema. “Ni mjane, ana ng’ombe wa maziwa kule kaskazini. Dhoruba ilimwangushia paa la zizi na paneli zake. Tukaandika piano. Mashine ikaona piano iko zizini, ikamtilia shaka ya wizi, ikazuia malipo yote, na ya paa pia. Mpelelezi wetu akampigia simu kumuuliza nani kwake anayepiga piano. Mama wa watu alidhani anatukanwa, akakata simu. Baridi ikaingia. Ng’ombe wake aliwauza kwa bei ya kutupa. Tulipomlipa, zizi lilikuwa halina wa kulala ndani.”

Kweli walinyamaza. Wote wakamtazama Loren.

“Hakuna aliyeniletea ombi,” alisema Loren. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Kwa kawaida waliotoa maelezo hutoka nje wakati wa kura. Kendra alishachukua mkoba wake. Lakini Brent akainua mkono. “Loren, kaa. Hapa sisi ni familia.” Kwa hiyo Loren akakaa, kwenye kiti cha ukutani, magoti yamebanana kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Brent na Ruth wakainua mikono kununua. Dale akabaki na msimamo wake. Mzee Olmstead alikuna kidevu, akasema, “Piano au si piano, mimi bado nasema mtu ajenge lake.” Wakabaki wakimtazama Denise. Hakumtazama mumewe. Alijiambia kwamba anainua mkono kwa ajili ya Oleta Brandsgard. Alijiambia vilevile kwamba Loren atakuwa mlezi, ameahidiwa. Ni lipi kati ya hayo lililouinua mkono, hata yeye hakujua, lakini mkono ulikwenda juu.

Loren aliendesha gari hadi mbele ya nyumba yao, akazima injini, asishuke.

“Mbona hukuniambia nyumbani?”

“Nilikuambia, Loren.”

“Ya huyo mjane hukuniambia.”

“Nilianza kukuambia mezani, mama yako akiwepo. Ukaniambia nijaze ombi.”

“Ungejaza, basi!” Alipiga usukani. “Karatasi moja tu, Denise! Badala yake umeniacha nikaenda kusimama mbele ya watu na tai shingoni!”

“Nilijaza. Mara tatu. Foleni yako ina urefu gani, unajua? Unajua wasichana wangu wanaiitaje? Makaburini.”

Loren alishuka, akaufunga mlango wa gari polepole, na huo upole ulikuwa mbaya kuliko kuubamiza.

Geneva aliisoma habari yote usoni mwa mwanawe kabla hajavua koti. Alimngoja Denise aingie.

“Umefanya nini?”

“Nimesema ukweli, Mama.”

“Ukweli!” Bibi akagonga sakafu kwa mkongojo. “Mimi nimeishi na marehemu babake huyu miaka hamsini. Ukweli wake niliujua wote, na nusu yake nitazikwa nao. Mke humwambia mume ukweli chumbani. Hadharani anamwambia ‘tai imekukaa vizuri.’ Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Wangesema shukani.”

“Mama, choo chako cha chini kimekwisha?”

Geneva alishusha mkongojo. Denise aliona jinsi neno lilivyopenya, na badala ya kufurahi alitamani kulirudisha, kwa sababu Loren alikuwa bado yuko barazani, akisikia.

Vijana wa Atlanta walifika pamoja na joto. Walikuwa wapole, wachangamfu, wote wanamwita “mzee wetu”. Walihitaji meza kubwa, kwa hiyo meza ya Loren ikahamishiwa karibu na jiko la wafanyakazi, pale watu wanapopashia moto viporo. Kutwa alinuka supu ya mtu mwingine. Vijana walikaa naye mmoja mmoja, wakamrekodi. Kwa nini hapa umeweka hivi? Na huku? Akawaeleza yote, hakuficha kitu, maana mlezi haanzi kazi kwa kinyongo. Denise ndiye aliyempa habari ya ulezi, na alipompa, Loren alisema tu, “Si haba.” Tangu siku hiyo wakaanza tena kulala wakitazamana.

Alinunua mashati mapya. Alisoma vitabu vya ule mfumo wa Atlanta mezani, kidole kikifuata mistari. Akafanya mtihani wao pamoja na watoto ambao angeweza kuwazaa, akafaulu, akakitia cheti kwenye fremu na kukitundika juu ya runinga. Geneva alikionyesha kwa mpeleka barua. Mara moja Loren alimuuliza mkewe, karibu kwa haya, “Hiyo orodha yao ya mali ni nzuri, eh?” Naye akajibu, “Nzuri.” Loren akaitikia kwa kichwa. “Nami naona ni nzuri.”

Mfumo mpya uliwashwa majani yalipoanza kupukutika. Haukuanguka. Kampuni ikaandaa chakula cha mchana, nyama ya nguruwe ya kuchomwa na keki, katika ukumbi wa vioo wa ghorofa ya chini, na Denise akaombwa aseme maneno machache, kwa kuwa ndiye, alisema Brent, “mama wa uamuzi huu”. Alimtafuta Loren kwa macho. Kiti alichomwekea kilikuwa kitupu.

Alikuwa katikati ya shukrani alipomwona. Alikuwa upande wa pili wa kioo, akivuka sebule ya mapokezi amebeba boksi, na mlinzi anamfuata hatua moja nyuma. Juu ya boksi palikuwa na viatu vyake vya theluji. Watu waliokaa kuelekea huko walimwona pia. Wakainamia sahani zao.

Denise alisita. Kisha akamaliza sentensi. Akaisema nyingine, na nyingine, mpaka shukrani zikaisha na watu wakapiga makofi, na alipotazama tena nje palikuwa hapana mtu.

Alimkuta Brent karibu na keki.

“Ulinipa neno lako.”

“Na nimelitimiza.” Alikuwa anakata kipande, akakiweka sahanini bila kukidondosha. “Ulezi umo ndani ya mkataba wa Atlanta, wanao watu wao. Bodi isingelipa mara mbili. Nilikwambia atakuwepo mpaka astaafu, Denise. Leo amestaafu.” Akampa ile sahani. “Tumemfanyia mpango mzuri. Na bima ya matibabu ya nyumba yenu tumeihamishia kwako, hamtakosa kitu. Hutaki kumkimbilia sasa hivi ukafanya jambo la hasira, ukaipoteza na hiyo. Kuna bibi na nyonga yake.”

Alibaki ameshika sahani. Hakuitupa. Baadaye, alipojikumbuka, alikuwa ameila keki yote.

Theluji iliporudi, Loren alikuwa mtu wa kukaa dirishani. Aliomba kazi huku na kule, wakamjibu kwa adabu au wasimjibu. Choo cha chini alikimaliza kwa muda mfupi, kigae kwa kigae, na Geneva alikitumia bila kusema neno. Loren sasa alimwita mkewe “Bi. Haverkamp”. Mwanzo Denise alidhani ni mzaha. “Kahawa, Bi. Haverkamp?” “Gari limewashwa, Bi. Haverkamp.” Hakupaza sauti hata mara moja.

Ilikuwa hivyo Brent alipomwita Denise tena na kumfungia mlango.

“Mashine ya zamani bado inawaka kule chini,” alisema. “Taarifa zote zimehamishwa. Sheria inataka zile za zamani zifutwe kabisa na shahidi awepo. Vijana wa Atlanta hawataki kuigusa, si kazi yao na hawaijui. Mtu wa kuizima ni mmoja. Ni kazi ya siku moja, tutamlipa vizuri. Nimeona heri umwambie wewe.”

Denise alimwambia wakiwa mezani, kwa sababu kuwa naye chumbani peke yao aliogopa. Alipomaliza, alingoja sahani zivunjike.

“Mwanangu haendi,” alisema Geneva. “Wamemvua nguo, sasa wanamwomba na ngozi?”

Loren alikuwa akitafuna. “Baba alimfanyaje Duke, Mama?”

Bibi akasita. “Yule mbwa? Alikuwa amekwisha yule. Haoni.”

“Nauliza alimfanyaje.”

“Alimpeleka nyuma ya ghala,” alisema Geneva kwa sauti ndogo, “akampiga risasi mwenyewe. Jirani alijitolea, akakataa.”

“Haya basi,” alisema Loren. “Mwambie nitakuja.”

Mapokezi kulikuwa na mlinzi mgeni, kijana wa kampuni ya kukodi. Loren alisimama mbele yake amevaa moja ya yale mashati mapya.

“Umekuja kumwona nani, mzee?”

“Bi. Haverkamp. Wa madai.”

Denise akaitwa ashuke. Mlinzi akampa kalamu atie sahihi, na kipande cha karatasi ya kubandika kilichoandikwa MGENI. “Utambandika mwenyewe. Na asiachwe peke yake, hata chooni. Ndiyo masharti.”

Alimbandika kifuani, juu ya mfuko. Karatasi haikushika vizuri, ikabidi aikandamize kwa kiganja, na chini ya kiganja akausikia moyo wake ukienda mbio. Usoni Loren hakuonyesha chochote.

Chumba cha chini kilikuwa baridi na kimejaa mvumo. Loren alivuta kiti bila kutazama kilipo, mkono ulikijua. Akaandika amri zake, mistari mifupi mifupi, akisubiri kila mmoja uitikiwe. Mwisho, kwenye kioo cheusi, yakatokea maneno ya kijani: *Kila kitu kitafutwa. Una hakika? N/H.*

“Niliiandika mimi hiyo,” alisema. “Nilikuwa na miaka ishirini na nane. Niliogopa mtu asije akafuta kwa bahati mbaya.”

Denise akaweka mkono begani kwake. Loren hakuuondoa, wala hakuuegemea. Alisukuma tu kiti nyuma, akainuka, akampisha.

“Bonyeza wewe.”

“Loren, tafadhali.”

“Nimepanga yote. Imebaki herufi moja.” Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. “Kura ilikuwa yako.”

Alimtazama usoni akitafuta hasira, akitafuta hata chuki, kitu cha kushika. Hakukuwa na kitu. Akanyoosha kidole, akabonyeza.

Ilichukua muda. Mvumo ulishuka kabati moja baada ya jingine, mpaka wakawa wanasikiana pumzi. Loren akakirudisha kiti mahali pake, akakilinganisha na ukingo wa meza. Kisha akaenda kusimama mlangoni, mikono mifukoni.

“Nisindikize nje, Bi. Haverkamp,” alisema. “Mgeni haruhusiwi kutembea peke yake.”